Kura yangu ya useneta ilienda wapi

Kura ya kwanza niliyopiga Kanada nikiwa raia ilikua tarehe 18 Oktoba 2021, na moja ya vitu nilivyopigia kura siku ile mpaka leo hakijatokea.

Nilitoka shifti ya usiku nikaenda moja kwa moja kituoni, ukumbi wa shule hapo jirani kwangu Calgary, jimbo la Alberta. Nikapewa makaratasi. Meya, diwani, mjumbe wa bodi ya shule. Swali kama maji ya bomba yarudishiwe floridi. Swali kama tuache hii habari ya kubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Swali la zile hela ambazo serikali kuu ya Ottawa inayapa majimbo yenye kipato kidogo. Halafu karatasi ya useneta, chagua mpaka watu watatu. Hii ndo nilikaa nayo muda mrefu kuliko zote. Nyumbani Tanga nimeshapiga kura ya rais na mbunge na diwani, ila seneta nilikua sijawahi kumpigia mtu, sisi bunge letu ni moja tu, kwahiyo wiki nzima kabla ya hapo nilikua najisomea nani ni nani, ametoka wapi, anasimamia nini, na siku yenyewe nikaweka alama zangu tatu taratibu.

Jioni nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, hawajambo. Nikamwambia mama leo nimechagua maseneta. Akauliza ndo kina nani hao. Nikamwelezea kwamba ni kama bunge la pili, linakaa juu ya hili la kwanza, sheria ikipita kwa wabunge lazima iende na kwao ndo iwe sheria. Akasema haya, wakishinda wanaapishwa lini? Nikamwambia hapana mama, wakishinda wanasubiri, Waziri Mkuu akipenda atawateua, asipopenda basi. Akanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, kama anateua yeye, nyie wengine mmeenda kufanya nini huko?"

Swali lake hilo limenikaa kichwani miaka yote hii na ndo sababu ya kuandika haya.

Ngoja nieleze ilivyo kwa wale msioijua. Seneti ya Kanada ina viti 105 na hamna hata kimoja kinachopatikana kwa kura. Kikatiba anayeteua ni Gavana Mkuu kwa niaba ya Mfalme, ila anafanya vile Waziri Mkuu alivyomshauri, kwahiyo kiuhalisia ni Waziri Mkuu. Ukishateuliwa unakaa mpaka ufike miaka 75, na kabla ya 1965 ilikua mpaka ufe. Umri wa chini ni miaka 30. Pigeni hesabu wenyewe, mtu akiteuliwa na miaka 30 anaweza kukaa pale miaka 45 bila kuombwa na mwananchi yeyote aeleze kafanya nini, na sio nadharia tu, kuna aliyeteuliwa akiwa na miaka 34. Nilipomwambia mama hivyo akasema kumbe ni kama wale kumi wa rais. Anamaanisha wale wabunge wasiozidi 10 ambao katiba yetu Tanzania inamruhusu rais kuwateua. Nikamwambia ndio mama, ila huku ni ukumbi mzima, na wale wetu bunge likivunjwa na wao wanaondoka na wenzao.

Na hawa sio wa kupamba tu. Hawaruhusiwi kuanzisha muswada wa kodi au wa matumizi, lakini mwingine wowote wanaweza, na wowote ule wanaweza kuukataa. 1991 muswada wa kurudisha utoaji mimba kwenye sheria ya jinai ulipita bunge la chini, ukafika Seneti kura zikawa 43 kwa 43, na kule sare maana yake umeanguka, na mpaka leo Kanada haina sheria ya jinai juu ya hilo jambo. Kura moja tu ya mtu ambaye hakuchaguliwa na yeyote. Mwaka mmoja kabla yake maseneta waliigomea kodi ya mauzo ya Waziri Mkuu Brian Mulroney, akachimba kwenye katiba akakuta kifungu cha 26 ambacho kilikua hakijawahi kutumika tangu 1867, kinachoruhusu kuongeza maseneta wanne au wanane, akaongeza wanane kwa mpigo, kodi ikapita. Ile GST mnayoiona kwenye risiti zenu kila siku wenzangu mlioko huku ndo hiyo.

Sasa kwa nini Alberta tunapiga kura ambayo katiba haiijui? Hapo nilisaidiwa na mzee mmoja pale ninapofanya kazi, nyumba ya kulea wazee, mkulima wa zamani, mtu wa maneno machache lakini ukimgusia Seneti anakaa vizuri kwenye kiti. Alinihadithia mwaka 1984 mkulima mmoja anaitwa Bert Brown aliingiza trekta kwenye shamba la shayiri akalima maneno makubwa yanayosomeka ukiwa juu kwenye ndege, akidai Seneti ya Triple E, la sivyo. E tatu. Ya kwanza ichaguliwe na wananchi, ya pili kila jimbo liwe na viti sawa, ya tatu iwe na nguvu ya kweli. Hasira ilitokana na sera ya mafuta ya miaka ya 80 mwanzoni, watu wa huku waliona Ottawa imewachukulia mali yao na hawana pa kusemea kwasababu wabunge wengi wanatoka Ontario na Quebec. Mzee akaniambia, binti yangu, sisi hatukutaka upendeleo, tulitaka mahali pa kusema hapana.

Na ukiangalia viti unamuelewa. Ontario 24, Quebec 24, yale majimbo matatu ya mashariki baharini 24 kwa pamoja, na magharibi yote manne 24, yani sita sita. Newfoundland na Labrador 6, na yale maeneo matatu ya kaskazini kimoja kimoja. Sasa chukua sensa ya 2021. British Columbia watu milioni 5, viti 6. Alberta watu milioni 4 na laki 2 na zaidi, viti 6. New Brunswick watu laki 7 na elfu 75, viti 10. Prince Edward Island watu laki 1 na elfu 54, viti 4. Kile kisiwa watu wake wanaenea kwenye kona moja tu ya hapa Calgary! Naelewa historia yake, nchi ilipokua inaundwa yale majimbo madogo yaliogopa kumezwa na wakubwa yakakubali kuungana kwa sharti hilo, na wazo la kulinda wadogo sina ugomvi nalo hata kidogo. Ila wakati ule Alberta haikuepo hata kwa jina, ilikuja kuwa jimbo 1905, na hii hesabu ya sita sita ni ya 1915. Imepita karne nzima.

Basi Alberta ikajitungia sheria yake, ikaanza kuchagua maseneta wa kusubiri. Mara ya kwanza 1989. Akashinda Stan Waters, na Mulroney akamteua kweli 1990, akawa seneta wa kwanza wa Kanada aliyepitia kwenye sanduku la kura, akafariki mwaka uliofuata. Yule mkulima wa trekta Bert Brown aliteuliwa 2007 na Waziri Mkuu Stephen Harper. Kwa ujumla tangu 1989 ni watano tu waliochaguliwa hapa wakaingia. Watano. Na wote waliingia kwasababu Waziri Mkuu wa wakati huo alipenda, wala sio kwasababu alilazimika.

Harper alitaka kulimaliza hili. Alitaka majimbo yote yachague, na muda uwe na kikomo, miaka tisa basi. Serikali yake ikaenda kuiuliza Mahakama ya Juu kama bunge la Ottawa peke yake linaweza, na tarehe 25 Aprili 2014 mahakama ikasema haliwezi. Ukitaka kura za wananchi za kumshauri Waziri Mkuu amteue nani, ukitaka ukomo wa muda, lazima yakubali majimbo 7 kati ya 10 na yawe na nusu ya watu wa nchi nzima. Na kwakua Ontario na Quebec zikiwekwa pamoja zina zaidi ya nusu ya watu, maana yake hauwezi kufika bila angalau mmoja wao kukubali. Ukitaka kuifuta kabisa Seneti, majimbo yote 10 bila kukosa hata moja. Nimesoma ile hukumu mara mbili kwenye simu nikiwa kwenye basi na kwakweli siwezi kusema imekosea, mahakama ilisema Seneti ni sehemu ya muundo wa makubaliano yaliyoijenga nchi, hauwezi kuchomoa nguzo kwa kusema ni fanicha. Lakini matokeo yake ni kwamba mlango umefungwa kwa kufuli na funguo zimegawanywa kwa watu 10 wasiopatana. Na sio kwamba hawajawahi kujaribu kukaa pamoja, 1992 walikubaliana kila kitu kule Charlottetown ikiwemo Seneti ya kuchaguliwa yenye viti sawa, wakaipeleka kwa wananchi kwenye kura ya maoni, wananchi wakaikataa.

Halafu 2016 Waziri Mkuu Justin Trudeau akapita njia nyingine. Miaka miwili kabla, akiwa bado upinzani, alikua ameshawatoa maseneta wote 32 wa chama chake kwenye kundi la chama bungeni, akawaambia kuanzia leo mko huru. Alipopata serikali akaunda bodi huru ya ushauri, mtu yeyote mwenye sifa anajaza fomu kwenye intaneti, bodi inachambua, inampelekea Waziri Mkuu majina, yeye anateua. Na lazima niseme ukweli japo mimi ni mtu niliyepiga kura yangu na ikapuuzwa, kazi imefanyika. Ukumbi ambao zamani ulikua wa wachangishaji fedha wa chama na wagombea walioshindwa, sasa hivi wengi ndani hawana chama. Walimu, manesi, majaji wastaafu, watu wa mataifa ya asili. Murray Sinclair, aliyeongoza tume iliyochunguza zile shule za bweni walikopelekwa kwa nguvu watoto wa mataifa ya asili, aliingia kwa njia hiyo 2016. Wanawake sasa ni nusu na zaidi kidogo wakati bunge la chini la kuchaguliwa wako karibu theluthi tu.

Hapo kwenye wanawake nisimame kidogo maana pana kitu kilinigusa. Ile tarehe niliyopiga kura, 18 Oktoba, kumbe ni siku kubwa hapa. Wanawake watano wa Alberta walienda mahakamani kuuliza kama neno "mtu" kwenye kifungu cha kuteua maseneta linamhusu na mwanamke. Mahakama ya Juu ya Kanada 1928 ikajibu halimhusu. Jamani. Wakakata rufaa mpaka London, na tarehe 18 Oktoba 1929 ikaamuliwa kwamba ndio, mwanamke ni mtu, anaweza kuteuliwa. Mwaka uliofuata akaingia Cairine Wilson. Mimi kama Mwafrika sisahau kwamba Emily Murphy aliyewaongoza wale watano aliandika maneno mabaya sana juu ya Wachina na watu weusi, na nikiwaelezea binti zangu hii habari nawaambia yote mawili. Lakini mlango waliousukuma ndo huohuo aliopitia Anne Cools mzaliwa wa Barbados 1984, mweusi wa kwanza mle ndani, na Mobina Jaffer mzaliwa wa Kampala 2001, Mwislamu wa kwanza, mtoto wa jumuiya ileile ya Waasia wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin 1972. Mtu wa kwetu huku Afrika Mashariki, kakaa kwenye Seneti ya Kanada zaidi ya miaka 20, na najiuliza kwa uaminifu kabisa kama miaka ile angesimama kwenye kura ya jimbo zima angepita. Sidhani.

Kwahiyo msimamo wangu ulianza kuyumba. Kilichoutikisa zaidi ni cha kazini. Kwenye mafunzo ya kuhudumia wazee wenye matatizo ya akili mkufunzi alitutajia Tume ya Afya ya Akili ya Kanada, nyenzo nyingi tunazotumia zinatoka kwao, nikataka kujua hii tume nani kaileta. Kumbe ilitokana na kamati ya Seneti iliyoongozwa na seneta Michael Kirby, walisikiliza wagonjwa na familia zao nchi nzima, wakatoa ripoti 2006, mwaka uliofuata serikali ikaunda tume. Mbunge anayehesabu miezi hadi uchaguzi hakai miaka mitatu na jambo la watu waliofichwa vyumbani. Hawa walikaa kwasababu walikua na muda na hawakua na mtu wa kumuogopa. Nilikua sijawahi kulifikiria hivyo.

Tumebishana sana juu ya hili na rafiki yangu Mkenya, tunafanya wote shifti. Yeye ni wa kuchaguliwa tu, hataki kusikia kingine. Ananiambia dada, sisi seneta wetu tukimchoka tunamtoa, nyie wa kwenu mnangoja azeeke. Ana hoja. Seneti yao ilikuepo 1963 ikafutwa miaka michache baadaye, ikarudi na katiba ya 2010, maseneta 47 wanachaguliwa mmoja kila kaunti na wengine 20 wanatoka kwenye orodha za vyama, wanawake 16, vijana wawili, watu wenye ulemavu wawili. Nikamuuliza lakini mbona na nyie mmefikishana mahakamani, si 2020 Mahakama Kuu yenu ilifuta sheria 23 kwasababu bunge la chini lilizipitisha bila Seneti? Akasema ndio, na ni sawa, angalau tunajua tunagombana juu ya nini, kila upande una wapiga kura wake nyuma. Nikamwambia ndo hofu yangu hiyo, hapa Kanada hamna kifungu cha kusuluhisha mabunge mawili yakikwama zaidi ya kile cha maseneta wanane. Ukiwapa kura watu wenye uwezo wa kukataa kila muswada, watautumia huo uwezo, na watakua na haki ya kuutumia. Leo wanajizuia kwasababu wanajua hawakuchaguliwa. Hatukukubaliana, chai ikapoa, kengele ya chumba namba fulani ikalia tukaondoka.

Lakini sasa sikilizeni kilichotokea kwa kura yangu. Mwisho wa Oktoba ile 2021 Alberta tulikua na nafasi mbili wazi Seneti. Tuliwachagua watu watatu. Nafasi zikakaa wazi karibu miaka mitatu. Mwisho wa Agosti 2024 Trudeau akateua wawili, na hamna hata mmoja kati ya tuliowachagua. Sisemi waliochaguliwa walikua bora, mmoja wao hata sikumpigia. Sisemi walioteuliwa ni wabaya, wana sifa. Ila jimbo lenye viti sita tu likae na vinne miaka mitatu, watu waliopanga foleni wasipewe hata sentensi moja ya maelezo kwamba tumeona kura yenu na tumeamua hivi kwa sababu hii. Nilijisikia vibaya, nasema wazi. Mzee wangu yule hakuiona hiyo siku, alikua ameshatangulia majira ya baridi kabla yake. Na ndo nikaelewa tatizo liko wapi hasa.

Tatizo ni kwamba hii bodi huru ni ya hiari. Haiko kwenye katiba, haiko kwenye sheria, ni utaratibu tu aliouanzisha Waziri Mkuu mmoja na mwingine akiamka vibaya anaufunga asubuhi, hahitaji hata kura moja bungeni. Mulroney alipenda akamteua Waters. Harper alipenda akamteua Brown. Trudeau alipenda akaunda bodi. Wote wamefanya vizuri kwa namna yao, na wote wametuacha palepale, tunaomba anayekuja awe mtu mwema. Nimetoka nchi ambayo najua vizuri inakuaje kitu kizuri kikitegemea aliyekalia kiti.

Ninachotaka mimi basi ni hiki, na nimekifikiria sana. Bodi iingizwe kwenye sheria ya bunge, wajumbe wake, vigezo vyake, na majina yote iliyompa Waziri Mkuu yawe siri lakini akiteua nje ya orodha aseme hadharani kwamba ametoka nje na kwa nini. Jimbo likiwa limepiga kura, bodi ilazimike kuwafikiria waliochaguliwa na kujibu kwa maandishi. Nafasi isikae wazi zaidi ya miezi sita. Hayo hayamnyang'anyi Waziri Mkuu uteuzi wake, kwahiyo kwa ninavyoisoma ile hukumu ya 2014 mimi naona bunge linaweza, na kama kuna mwanasheria atasema hata hayo yanahitaji majimbo basi tuyaombe majimbo, yatuambie hapana kwa sauti tuwasikie. La muda ndo linahitaji majimbo bila ubishi, na hapo nataka muhula mmoja tu wa miaka 12, hamna kurudia. Mmoja, ili asimuogope mtu. 12 ili asiote mizizi. Na viti vya magharibi viongezwe, hilo najua ni gumu kuliko yote na sitaacha kulisema.

Halafu kuna hili la ardhi, ambalo nikilieleza kwa watu wananiuliza kama natunga. Ili uwe seneta lazima uwe na mali isiyohamishika ya dola 4,000 ndani ya jimbo lako, pamoja na utajiri wa dola 4,000 kwa ujumla. Ni kiwango cha 1867, wakati ule ilikua ni hela ya matajiri na walikiweka makusudi. Leo dola 4,000 hata gari bovu hupati, lakini ile ya ardhi bado inauma, maana sio swali la kiasi, ni swali la kuwa nayo au kutokua nayo. Mimi napanga. Nimepanga Calgary tangu nimefika, nalipa kodi ya nyumba kila mwezi na kodi ya mapato kila mwaka, nina akiba yangu benki, na siwezi kuwa seneta. Wapangaji wote wa nchi hii hawawezi isipokua mtu akanunue kipande mahali. 1997 waliteua mtawa mmoja wa Nova Scotia, Sista Peggy Butts, ameweka nadhiri ya ufukara kwahiyo hana kitu kwa jina lake, ikabidi shirika lake limwandikishe kipande kidogo cha ardhi ndo aweze kuapa. Mtu ameishi na maskini maisha yake yote, na katiba inamwambia kwanza uwe na kiwanja. Mahakama ilishasema sharti la utajiri bunge linaweza kulifuta peke yake, na hili la ardhi linahitaji na Quebec ikubali kwasababu kule maseneta wamefungwa kwenye wilaya maalum. Ni makubaliano ya Ottawa na jimbo moja tu. Miaka zaidi ya 10 imepita tangu waambiwe hivyo na liko vilevile.

Ile kashfa ya posho ya 2013 sitaisema sana, wengi mnaijua, wanne walisakamwa kwa hela za nyumba na safari, mkuu wa ofisi ya Waziri Mkuu akatoa hundi yake binafsi ya zaidi ya dola 90,000 kumlipia mmoja, kesi ikaenda na seneta akaonekana hana hatia kwenye mashtaka yote 31. Watu wakaitumia kusema futa Seneti. Mimi nasema mwizi wa posho anaweza kuwepo kwenye bunge la kuchaguliwa pia, sisi wa Afrika Mashariki hilo hatuhitaji kuelezwa. Kinachosaidia ni mkaguzi na vitabu wazi.

Mwaka 2023 kiangazi niliwapeleka binti zangu Ottawa. Jengo kuu la bunge limefungwa linakarabatiwa, Seneti wamehamia kwenye iliyokua stesheni ya treni ya zamani, karibu na ule mfereji, kutembelea ni bure. Mle ukumbini ni zulia jekundu na viti vyekundu. Binti yangu wa mwisho, wakati ule alikua na miaka tisa, akauliza kwa sauti mle ndani, mama, kiti chetu ni kipi? Alimaanisha cha Alberta. Sikukijua, hawakai kwa majimbo.

Wiki iliyopita nimemwandikia mbunge wangu barua, kurasa mbili, nimeweka hayo yote, bodi kwenye sheria, miezi sita, miaka 12, ardhi. Nimeanza na lile la ardhi kwasababu ndo lenye njia fupi. Nakala nimewatumia maseneta wa Alberta, anwani zao ziko wazi kwenye tovuti ya Seneti na barua kwenda bungeni haihitaji stempu. Nimemsomea mama kwenye simu kwa Kiswahili kabla sijaituma, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia hapo kwenye kura ya 2021 weka tarehe kamili na uweke jina lako, wasije wakasema hukuepo. Nikaenda nikaongeza.